Kabla ya Kununua Mashine ya Kutetemesha, Mfundishe Mzee Kuinuka Kitini

Nimewahudumia wazee katika nyumba moja ya matunzo nchini Uingereza kwa miaka tisa, sehemu kubwa ikiwa zamu za usiku, na katika miaka hiyo yote hakuna kengele iliyonishtua kama ile inayolia saa tisa za usiku kutoka chumba cha mzee aliyejaribu kwenda msalani peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu wapatao 684,000 hufa kila mwaka kwa sababu ya kuanguka, na wanaopoteza maisha zaidi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Mzee aliyevunjika nyonga mara nyingi harudi kuwa kama alivyokuwa. Hata asiyevunjika kitu huingiwa na hofu, akakataa kusimama, na miguu isiyotumika ikazidi kulegea, hivyo akawa karibu zaidi na kuanguka mara ya pili.

Ndugu na marafiki wengi walio nyumbani huniuliza kuhusu mashine ya kutetemesha, yaani lile bamba ambalo mtu husimama juu yake likatikisika chini ya nyayo. Kazini kwetu lilikuwapo, limewekwa karibu na dirisha la ukumbi, na kila lilipowashwa, chai iliyokuwa kikombeni kwenye kizingiti cha dirisha ilifanya viduara vidogo vidogo. Wazo lake lina msingi: mtetemo huivuta misuli kidogo kidogo na kwa haraka, nayo hujibu kwa kujikaza bila mtu kukusudia, kwa hiyo mzee asiyeweza kuchuchumaa hupata zoezi akiwa amesimama tu na kushika vyuma. Mwaka 2005 watafiti wa Liège, Ubelgiji, walichapisha matokeo ya wakazi 42 wa nyumba ya wazee. Waliosimama juu ya bamba kwa vipindi vinne vya dakika moja, mara tatu kwa wiki kwa wiki sita, pamoja na tiba ya viungo, walitembea na kujimudu vizuri kuliko waliopata tiba ya viungo pekee. Hata hivyo, utafiti mwingine wa mji huohuo, uliochapishwa mwaka 2014 na kuhusisha wakazi 62 waliotetemeshwa kwa vipindi vya sekunde 15 tu, haukuonyesha kwamba kuanguka kulipungua.

Kwa hiyo sichukii mashine hiyo, lakini siwezi kumshauri mtu atumie akiba yake kuinunua. Tena, mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, damu iliyoganda mishipani, mfupa uliovunjika karibuni au kiungo cha bandia asipande juu yake kabla ya kuzungumza na daktari.

Mazoezi ya nguvu na ya mizani, yaani ya kusimama bila kuyumba, yana ushahidi ulio imara zaidi. Nchini Australia, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 uliwafuatilia wakazi 221 wa nyumba 16 za wazee. Waliofanya mazoezi ya kuinua uzito unaoongezwa polepole, pamoja na ya kusimama imara, walianguka kwa kiwango kilichokuwa chini kwa asilimia 55 kuliko wenzao. Kilichonigusa ni kwamba mazoezi hayo hayakuwa ya kuchezesha vidole mtu akiwa ameketi. Walifanya kazi ya kweli, wakasimamiwa na mtaalamu, na uzito ukaongezwa kila walipouzoea.

Niliona jambo hilo kwa bibi mmoja wa miaka 88. Alipoanza alikuwa akiinuka kitini kwa kujisukuma kwa mikono miwili, vifundo vya vidole vikimpauka kwa nguvu anazotumia, kisha anarudi kujibwaga kabla magoti hayajanyooka. Mtaalamu wa tiba ya viungo alimwongezea mto juu ya kiti ili asianzie chini sana, akamfundisha kuvuta nyayo nyuma ya magoti, kuinamisha kifua mbele, kisha kusimama na kuketi taratibu bila kujiachia. Wiki zilivyopita mto ukaondolewa, kisha mkono mmoja, kisha wa pili. Baada ya hapo alishika ukingo wa meza na kusimama kwa visigino na vidole, na mguu mmoja mbele ya mwingine, nami nikiwa nyuma yake hatua moja.

Ninalisema hili kwa ajili yetu sisi tuliolelewa kuamini kwamba heshima ni kumwambia mzazi, «Mama, wewe kaa tu.» Tunamletea maji, tunamchukulia kanga kwenye kamba, tunamzuia hata kwenda mlangoni kupokea wageni, na miguu yake inadhoofika kwa upendo wetu. Mwacheni ainuke. Hakikisheni tu kwamba kiti hakiserereki na kimeegemezwa ukutani, amevaa viatu vilivyofunga kisigino badala ya kandambili, njia ya kwenda chooni ina taa usiku, na dawa za usingizi au za presha zimeangaliwa upya na daktari iwapo anapata kizunguzungu anaposimama.

Mama yangu yuko Tanga, ana miaka 78. Mpwa wangu hukaa kando yake mara tatu kwa wiki, asubuhi kabla ya jua kuwa kali, akihesabu kwa sauti anavyoinuka kwenye kiti cha barazani. Kwa sasa hafikii mikono ya kiti mpaka mara ya sita.