Niliposikia "moyo umetanuka", nilipumua

Daktari aliponiambia moyo wangu umetanuka, mwanangu alikuwa na wiki sita, na mimi nilimshukuru Mungu. Nilidhani utarudi wenyewe kama tumbo la uzazi.

Wakati huo nilikuwa siwezi kulala chali. Pumzi ilikata, nikakesha nimeegemea mito. Ukibonyeza muundi wangu kwa kidole, shimo lilibaki. Pale kwetu Kiborloni kila mtu alisema ni uzazi. Mama mkwe alinipikia mtori mzito wenye chumvi ya kutosha ili nipate nguvu. Alifanya kwa upendo. Hakuna aliyejua kuwa chumvi inazuia maji mwilini, na moyo wangu ulishalemewa.

Ugonjwa huu wa moyo unaotokana na uzazi (peripartum cardiomyopathy) hulegeza misuli ya moyo, kwa kawaida kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi mitano baada ya kujifungua, hata kwa mwanamke ambaye hajawahi kuumwa moyo. Kipimo cha eko, yaani picha ya moyo ya ultrasound, huonyesha chumba cha kushoto kinasukuma kiasi gani cha damu kwa kila pigo. Moyo wenye afya husukuma kama asilimia 55 au zaidi ya damu iliyomo kwenye chumba hicho. Wangu ulisukuma 28. Namba hiyo ilikuwa kwenye karatasi niliyoikunja nikaitia kwenye pochi. Sikuuliza maana yake.

Miezi miwili baadaye miguu ilinywea, nikaacha vidonge vya moyo nilivyopewa. Nilijiona nimepona. Wiki tatu hazikuisha, nikalazwa na maji kwenye mapafu.

Ndugu yangu, ukipewa jibu hili, usitoke chumbani kwa daktari bila kuijua namba yako. Wapo wengi ambao moyo hurudi sawa kabisa, lakini anayesema umerudi ni eko, na anayesimamisha dawa ni daktari. Jipime uzito kila asubuhi ukishatoka chooni, kabla ya chai. Ukiongezeka kilo 2 ndani ya siku mbili tatu, ni maji hayo. Nenda hospitali, usingoje siku ya kliniki. Diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya duka la dawa, usiiguse bila kumuuliza daktari.

Na ujauzito mwingine: nenda na mume wako mkaulize pamoja. Unaweza kuurudisha ugonjwa kwa ukali zaidi, hata kuua. Sisi tulilia kwenye benchi la nje, kisha tukarudi ndani kuchagua njia ya uzazi wa mpango.

Eko ya mwisho ilisoma 45. Dawa naendelea nazo. Mama mkwe bado anapika mtori. Wangu anauchota kwanza, ndipo anatia chumvi ya wengine.