Santuri Isiyopigwa Huota Ukungu

Sanduku lilikuwa mvunguni mwa kitanda, limefunikwa jamvi. Mwenyewe, mzee mmoja wa Mikindani, Mtwara, ninayemheshimu kama baba, aliniambia halijafunguliwa tangu gramafoni yake ilipoharibika. Ndani mlikuwa na santuri 41. Nilipochomoa ya kwanza, jalada lilibaki mkononi vipande vipande, na sahani yenyewe ilikuwa na madoa meupe ya ukungu yaliyotambaa kwenye mifereji kutoka ukingoni hadi katikati. Sebuleni, juu ya kabati la vyombo, kulikuwa na santuri nyingine 6. Hizo mama mwenye nyumba alikuwa akizitoa na kuzifuta kila Ijumaa pamoja na picha za wajukuu, kwa sababu alipenda majalada yake. Zilikuwa nyeusi na safi kama zimetoka dukani. Nyumba moja, bahari ile ile mbele ya mlango, mvua zile zile.

Tangu siku hiyo, kila kijana anayenijia akitaka kuanza kukusanya santuri namwambia hilo kabla ya jingine lolote: huku kwetu pwani santuri hutunzwa kwa kupigwa. Ukiifungia, unyevu unajifungia nayo. Ukiitoa kila baada ya wiki chache, ukaifuta, ukaipiga na kuirudisha, inapata hewa, na wewe unauona ukungu ukingali doa dogo. Watu wa bara wanaweza kuweka santuri stoo miaka mingi bila kuzigusa. Sisi wa Mtwara na Lindi hatuwezi, hasa kuanzia mvua zinapoanza Novemba au Desemba mpaka zinapokatika Aprili.

Sasa, jazi ipi? Ukimwambia mzee wa Lindi kwamba unatafuta santuri za jazi, atakuletea Western Jazz, Morogoro Jazz, Jamhuri Jazz ya Tanga, wala hatakuwa amekosea. Bendi zetu zilibeba jina hilo tangu kabla ya uhuru, na muziki wenyewe ulikuwa dansi: rumba iliyotufikia kutoka Cuba kwenye mfululizo wa santuri ulioitwa GV, ikapata magitaa yetu, saksofoni, tarumbeta na mashairi ya Kiswahili. Na sisi watu wa kusini tuna Kilwa Jazz ya Ahmed Kipande, bendi iliyopiga Dar es Salaam ikiwa na jina la kwetu. Mimi naipenda jazi ya Marekani kwa moyo wote, nusu ya rafu yangu ni hiyo, lakini nakushauri uanze na hizi za nyumbani. Sababu ni moja. Kind of Blue ya mpiga tarumbeta Miles Davis inachapwa upya mpaka leo; ukiikosa mwaka huu utaipata mwakani. Tanzania haikuwa na kiwanda cha kuchapa santuri. Bendi zetu zilirekodiwa Radio Tanzania kwenye kanda, na nyimbo zilizobahatika kutoka kwenye santuri nyingi zilichapwa Nairobi. Santuri ndogo kama hiyo ikivunjika Mikindani, hakuna duka la kukimbilia.

Nyingi utakazopata ni hizo ndogo, za mizunguko 45 kwa dakika. Usishangae wimbo ukikatika gitaa likiwa ndiyo kwanza linachanganya: upande mmoja ni sehemu ya kwanza, geuza usikie ya pili. Mimi hupenda hata ule ukimya wa kugeuza. Waliokuwa wakicheza wanasimama, wanatazamana, wanangoja.

Santuri za wazee hazipatikani kwa kupita mitaani ukiuliza bei. Nenda na mtu anayefahamika pale nyumbani, amkia, kaa, kunywa kilichowekwa mbele yako. Muulize mzee alikuwa akicheza dansi wapi, na nani alikuwa na gramafoni mtaani. Santuri zitakuja zenyewe. Niliwahi kukaa Lindi mjini mchana mzima nikatoka bila hata moja, lakini wiki mbili baadaye yule bibi alinipigia simu mwenyewe. Na kuna jambo ninalolishikilia sana: usinunue Februari kwa bei ya njaa. Fedha za korosho zikishaisha na ada za shule zikishalipwa, mtu anaweza kukuachia urithi wa baba yake kwa bei ya unga. Nikiletewa santuri katika hali hiyo huwa naikopesha ile nyumba hela ndogo, santuri ibaki kwao, tuzungumze baada ya mavuno. Wapo walioamua kutouza tena, nami nimeridhika.

Kabla ya kununua, ipeleke sahani dirishani uilaze kidogo mwanga uipitie. Mikwaruzo miepesi inayoonekana kwa macho tu mara nyingi haisikiki. Pitisha ukucha taratibu; mkwaruzo unaoukwamisha ukucha ndio utakaoirusha sindano. Tazama pia sahani kwa ubavu: ikiwa imepinda kama sinia lililokalishwa juani, iache, labda kama ni kitu adimu sana.

Kuosha ni rahisi, ila maji ya bomba ya huku usiyatumie kwa suuza ya mwisho. Yakikauka yanaacha chumvichumvi ndani ya mifereji, na sindano itakuimbia hiyo chumvi. Nunua maji ya betri yaliyochujwa kwa mvuke, yale ya kuongezea, na muulize muuzaji mara mbili asije akakupa asidi. Tia tone moja la sabuni ya vyombo kwenye lita, futa kwa kitambaa laini kama cha miwani kwa kufuata mzunguko wa mifereji, usikate katikati, na usiloweshe karatasi ya kati yenye jina la wimbo. Suuza kwa maji yale yale yasiyo na sabuni. Anika kivulini, sahani ikiwa imesimama. Kwenye ukungu rudia mara tatu au nne. Zile sahani nzito za zamani, za mizunguko 78, usizipake spiriti kamwe: zimetengenezwa kwa utomvu wa wadudu wa lak, na spiriti huuyeyusha. Hizo pia zinataka sindano yake nene. Sindano ya kisasa inazama chini ya mfereji na kusikika kokoto tupu.

Kwenye mashine ya kupigia santuri ndiko nilikopoteza muda mwingi, kwa hiyo nitakaa hapo kidogo. Ya kwangu ya kwanza ilikuja na mitumba kutoka Marekani, imara, nzuri, ya volti 110. Fundi redio akaniuzia transfoma ya kushusha umeme, ikawaka, ikazunguka, nikafurahi. Kwa miezi miwili nilisikiliza jazi nikiamini ndivyo ilivyo: polepole, nzito, ya majonzi. Jirani yangu anapiga kinanda kwaya ya kanisani. Jioni moja alijaribu kufuatisha akaniambia, "Kaka, hii iko chini. Imeshuka sana." Tulichukua simu tukapima wimbo ulioandikwa kwenye jalada kuwa wa dakika 3. Ulikwenda dakika 3 na sekunde 36.

Transfoma ilikuwa imerekebisha volti tu. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wa kwetu mara 50, na mota za aina ile hufuata mapigo hayo. Sahani iliyotakiwa kuzunguka mara 33 na theluthi moja kwa dakika ilikuwa ikizunguka chini kidogo ya mara 28. Sauti yote hushuka nusutoni 3 na ushei, na saksofoni ya alto huanza kusikika kama ile nzito zaidi, ya tenor. Transfoma haiwezi kutibu hilo. Tafuta mashine iliyotengenezwa kwa umeme wa mapigo 50, au yenye mota ya umeme mnyoofu (DC), ambayo haijali mapigo ya ukutani. Kabla hujalipa, pima: bandika kipande kidogo cha karatasi ukingoni mwa sahani, washa saa ya simu, hesabu. Kwa dakika 3 karatasi lazima ipite mara 100. Ikipita mara 83, unajua ilikotoka.

Ila ukiwa na nakala ya zamani ya Kind of Blue na upande wa kwanza ukasikika juu kidogo, usiilaumu mashine. Siku ya kurekodi upande huo, tarehe 2 Machi 1959 kule New York, mashine ya kanda ilikwenda polepole, kwa hiyo santuri zilizotokana na kanda ile zikapanda. Matoleo yaliyorekebishwa yalianza kutoka mwaka 1992. Yule jirani wa kinanda aliligundua hata hilo kwa sikio, kabla sijamwambia.

Mashine ikitimia, waya wake mdogo wa ardhini ufunge kwenye amplifaya, la sivyo utapata mngurumo. Sauti ya sindano ni ndogo mno. Amplifaya isiyo na tundu lake maalumu la santuri itakupa sauti nyembamba isiyo na besi, na itabidi ununue kikuza sauti cha kuweka katikati. Umeme ukiwa na tabia ya kupanda na kushuka, weka stabilaiza.

Na tafadhali, sarafu juu ya mkono wa sindano iondoe leo hii. Najua mafundi wengi huiweka, na sindano huacha kuruka kweli. Lakini sindano nyingi hutaka uzito wa gramu 1.5 hadi 2.5, na sarafu inaongeza gramu kadhaa juu ya hizo. Sindano inalima. Santuri itacheza bila kuruka, na kila ikicheza tarumbeta zinapungua makali, mpaka siku utakaposikia mchakacho tu na kudhani ni uzee wa santuri. Nimezika santuri 2 za Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz kwa njia hiyo, bado nikiziona naumia. Kama inaruka, kwanza osha. Kisha badili sindano. Kisha sawazisha mkono.

Kuhifadhi: zisimame wima kama vitabu, zisilaliane, zisikae chini ya bati lisilo na dari wala kwenye ukuta unaopigwa na mvua. Rafu iinuliwe kutoka sakafuni kwa ajili ya mchwa, na uipekue mara kwa mara kwa ajili ya mende, maana hupenda gundi ya majalada. Ukizitoa Dar es Salaam kwa basi, zipakate. Mwaka mmoja niliziweka 9 pembeni ya kiti upande wa jua. Tulipofika Mingoyo zote zilikuwa zimepinda.

Kusikiliza kwenyewe nashauri upande mmoja tu wa santuri kubwa kwa jioni, simu ikiwa chumba kingine. Dakika 20 hivi. Siku inayofuata rudia upande ule ule, na safari hii ufuate besi peke yake toka mwanzo mpaka mwisho. Mtu aliyezoea kufuata gitaa la besi la bendi ya Msondo hapotei kwenye jazi ya Marekani. Sikio lake tayari linajua nyumba inasimama juu ya nini.

Na ukifika wakati wa kununua ya kwanza kutoka Marekani, tafuta Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston. Ilirekodiwa New York Novemba 1960, mwaka mmoja kabla bendera yetu haijapanda. Maneno ni ya mshairi Langston Hughes, na muziki ulipangwa na Melba Liston, mwanamke aliyekuwa pia mpiga tromboni. Afrika Kusini ya makaburu iliipiga marufuku mwaka 1964. Wanajazi wale wa Marekani walikipenda Kiswahili kwa dhati. Miaka michache baadaye mpiga piano Herbie Hancock alijiita Mwandishi, na wanamuziki wa bendi yake wakachukua majina kama Mganga, Mchezaji na Jabali. Lakini Uhuru Afrika ina jambo ambalo sikumwambia yule mzee nilipompelekea.

Alinipa zile 41 kwa sharti moja: kila mwezi niende Mikindani nizipige pale pale sebuleni kwake. Zilizopona ni 29. Ijumaa ile nilipakia mashine kwenye bajaji, nikafika, nikaamkia, nikaunganisha spika. Niliweka santuri bila kusema neno. Sauti ya kwanza kutoka kwenye spika ni ya Tuntemeke Sanga, mtu wa Tanganyika, anafungua kwa Kiswahili, ngoma zikiwa nyuma yake.

Mzee alishusha kikombe. "Huyo ni wa kwetu."

"Ndiyo, baba. Ila yuko New York, mwaka sitini."

Hakujibu. Alisikiliza mpaka upande ukaisha na sindano ikabaki inazunguka kwenye mfereji wa mwisho. Mkewe ndiye aliyeinuka, akainua mkono wa sindano kwa vidole viwili kama alivyoniona nikifanya, akaifuta sahani kwa kile kitambaa chake cha Ijumaa, kwa kufuata mzunguko.

"Mwanangu," akaniuliza, "upande wa pili tunasikiliza leo, au mpaka mwezi ujao?"

Tuliusikiliza siku ile ile.