Kukwama kuandika: mi namlaumu msomaji

Mhariri, wiki hii mmeuliza mtu akikwama kuandika anatumia mbinu gani ya kuchekesha kujikwamua. Nilivyosoma tu nikasema hili lazima nilijibu maana hizi mbinu zimenichosha. Badili fonti iwe Comic Sans, ile ya herufi za kitoto, mwelezee paka unachotaka kuandika, vaa kofia. Yaani mtu ana kazi inatakiwa kesho asubuhi, wewe unamwambia avae kofia! Schiller, yule mshairi wa Ujerumani, alikuwa anaweka matufaa yaliyooza kwenye droo ndo aweze kuandika, siku moja rafiki yake Goethe, mwandishi mwenzake, akaenda kwake, akakaa pale mezani kumsubiri, harufu nusura imwangushe. Sawa, Schiller aliandika. Ila wangapi droo zao zinanuka na hawajaandika kitu?

Mi swali ningeligeuza: nani anakukwamisha? Maana sijaona mtu anakwama kwenye meseji. Huyohuyo anayelia hana maneno, mchokoze kwenye grupu usiku, anashusha aya tano bila hata nukta. Maneno anayo, tatizo ni yule msomaji anayemuwaza, mkali, kakunja uso, anasubiri akosee.

Kuna kipindi niliambiwa niandike risala ya kumuaga mzee wetu wa stoo, anastaafu. Nikaanza "Ni kwa furaha iliyochanganyika na majonzi", nikafuta. Nikaanza "Leo ni siku ya pekee", nikafuta. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Mdogo wangu aliponiona nahangaika akaniambia we andika kama umemkasirikia, mseme mpaka uchoke, si hasomi mtu? Nikaona utani wa kitoto lakini nikaanza. Nikaandika kwamba huyu mzee ni mbahili kwa mali ambayo hata si yake, ukienda kuomba kalamu mpya lazima umpe ya zamani, anaichorachora kwenye kiganja chake, polepole, akiona hata kamstari kamoja ka bluu anakurudishia, "hii bado ina maisha." Nikaandika alivyokuwa anakunja kamba za maboksi na kuzipanga kwa urefu, na alivyonizungusha wiki nzima kwa stepla kumbe ilikuwa mezani kwake anaitengeneza mwenyewe. Hapo kwenye stepla nikasita kidogo, maana nilikuwa namsema mtu na nimeishia kumsifu, sijui hata imeanzia wapi. Nilichofanya ni kuondoa matusi mawili matatu, nikaweka salamu juu, risala ikawa hiyo. Siku ya kumuaga nilipofika pale kwenye kalamu watu wote wakamgeukia, yeye anacheka tu, halafu baadaye akanifuata anauliza zile karatasi nimezitoa stoo gani.

Kwa hiyo hapa naona najipinga mwenyewe, maana nilianza kwa kusema mbinu za utani ni kupoteza muda na hiyo ni nini kama si utani? Na hata wataalamu wanataniana. Dennis Upper, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1974 alitoa makala kwenye jarida la kitaaluma kuhusu alivyoshindwa kujitibu kukwama kuandika, na makala yenyewe ni tupu, kichwa na jina basi, na mhakiki akasema ameipima kwa maji ya limau na eksirei hajaona kosa. Huyo angekaa kuandika makala ya maana labda mpaka leo tusingemsikia.

Basi nakubali, ila kwa masharti. Utani unamfukuza yule msomaji mkali kwa muda, kitu cha kusema haukuletei. Mimi mzee nilimjua, ningepewa risala ya mtu nisiyemjua ningebaki na matusi matupu. Hata kutembea ambako watu wanakusifia, utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, wa 2014 ulikuta wanaotembea walitoa mawazo mengi zaidi, wastani kama asilimia 60, lakini kwenye maswali yenye jibu moja tu sahihi hakukuwasaidia, kwa hiyo ukishakuwa na mawazo rudi ukae.

Na salamu za rambirambi je? Hapo kumsema mtu haiwezekani, Comic Sans ndo usithubutu, na mimi huwa nakwama kuliko kote. Mwenye mbinu aiandike wiki ijayo, nitasoma.