Kabla hujamwandikia mtu kabila kwenye hojaji

Juma lililopita nilipokea rasimu tatu za hojaji kutoka kwa wadogo zangu wa chuoni wanaokwenda uwandani Selangor, Malaysia, mwezi ujao. Zote tatu zina swali lile lile: "Kabila lako ni lipi? (a) Mmalay (b) Mjava (c) Jingine. Weka alama sehemu moja." Nilizifunga, nikatoka nje kidogo, nikarudi nikazisoma tena. Swali hilo nalijua. Niliwahi kuliandika kwa mkono wangu mwenyewe miaka kumi na moja iliyopita, nikalibeba mpaka wilaya ya Sabak Bernam huko huko Selangor, na najua lilinifikisha wapi. Nawapenda, na nimechoka kuona kila kundi jipya likijikwaa kwenye kisiki kile kile. Kwa hiyo leo nawaambia yote.

1. Anzeni na katiba kabla ya nadharia. Ibara ya 160 ya Katiba ya Malaysia inamtambua Mmalay kuwa mtu aliye Mwislamu, anayesema Kimalay kwa kawaida, na anayefuata mila za Kimalay. Lipo na sharti la makazi, ila haiulizi babu yako aliteremka kwenye jahazi gani. Mjukuu wa Mjava, mtu wa kisiwa cha Java kilicho Indonesia ya leo, aliyevuka Mlango wa Melaka, bahari kati ya Sumatra na Malaysia, kuja kuchimba mifereji au kufanya kazi mashambani anatimiza hayo matatu kabla hajamaliza chai ya asubuhi. Ni Mmalay kisheria na kwa kauli yake, na nyumbani bado ni Mjava. (a) ni yake na (b) ni yake. Ukimwambia achague moja, atachagua ile inayomsitiri mbele ya mgeni mwenye kalamu, na wewe utaiita data.

2. Usimjibie mtu. Hapa nitakaa.

Nilipangishwa chumba kwa mzee mmoja kwenye kijiji cha parit, yaani vijiji vile vilivyopangwa kando ya mifereji, mnazi na michikichi nyuma ya nyumba. Watu wote walimwita Wak, jina ambalo Wajava wa kule humwita mtu mzima wa rika la baba mkubwa. Na mimi nikamwita Wak. Alikuwa akizungumza Kimalay na wajukuu zake sebuleni, akigeuka kuelekea jikoni anaendelea na mkewe kwa Kijava, sentensi ile ile, bila kuvuta pumzi. Kwenye hojaji yangu aliweka alama kwenye Mmalay.

Usiku nikawa nasimba majibu, yaani kuyapanga kwa makundi. Ukuta ulikuwa wa mbao, namsikia yule mzee akimwuliza mkewe kwa Kijava kama kuku wamefungiwa. Nikaitazama ile alama yake. Nikajiambia mzee amekosea kuelewa swali. Nikaikata, nikaandika "Mjava". Halafu nikafungua zilizobaki, na kila nyumba niliyowahi kusikia Kijava ndani yake nikaibadilisha vivyo hivyo. Nililala vizuri usiku ule. Niliamini nimesafisha data.

Wiki mbili baadaye tulikuwa na kikao cha kurudisha matokeo kwa wanakijiji, baada ya Isha, kwenye ukumbi wa kijiji. Nilibandika karatasi kubwa ukutani: safu ya Wamalay, safu ya Wajava, na namba za nyumba chini yake. Nikasoma. Nilipofika katikati ya safu ya pili nikaona hakuna anayenitazama tena. Wanaume walikuwa wanatazama mikeka. Mzee mmoja wa mbele akauliza kwa upole, "Orodha hii inapelekwa wapi?" Nikamjibu inakwenda chuoni. Nilidhani nimejibu.

Sikuelewa alichouliza mpaka msimamizi wangu aliponikalisha kitako. Kule Umalay una ardhi ndani yake. Sheria ya ardhi za hifadhi ya Wamalay ilitungwa 1913, wakati wa Waingereza, na ilikuwa pana kiasi cha kumbeba Mwislamu yeyote wa asili za Rasi ya Malay na visiwa vya jirani, awe anasema Kimalay au lugha ndugu. Wajava wakaingia humo kwa halali kabisa. Ibara ya 153 ya katiba nayo inalinda nafasi maalumu ya Wamalay katika masomo, ajira na leseni. Sasa amekuja kijana kutoka Afrika ana barua yenye muhuri, anakula kwao, analala kwao, kisha anasimama hadharani anasoma nyumba kwa nyumba nani si Mmalay. Mimi niliona asili yao ya kupendeza. Wao waliona hati za mashamba yao na nafasi za shule za watoto wao ziko ukutani.

Wak hakunigombeza. Alichukua kofia yake, akatoka. Nyumbani nilikuta kahawa yangu imefunikwa mezani kama siku zote, lakini mlango wa kati ya sebule na jikoni, ambao sikuwahi kuuona umefungwa, ulikuwa umefungwa. Asubuhi aliniambia jambo moja tu: "Mwanangu, nilikujibu. Kwa nini ukanijibia?"

Nilimaliza wiki tatu nikizunguka nyumba kwa nyumba kuomba radhi na kumrudishia kila mtu karatasi yake mkononi. Wengine walizikunja wakaweka mfukoni, na nikawa nimepoteza sampuli na muhula mzima. Ilikuwa haki yao. Wak alichukua yake, akavaa miwani, akaandika pembeni kwa herufi kubwa: Melayu, yaani Mmalay. Chini yake: orang Jawa, mtu wa Java. Akanirudishia. Siku niliyoondoka walifanya kisomo na nasi ambeng: sinia moja la wali kwa watu wanne, kuku, tambi za kukaanga, nazi iliyokaangwa mpaka kahawia, na kile kinachobaki kinagawanywa kufungiwa kila mtu apeleke nyumbani. Kifungu hicho wanakiita berkat, na mtu wa Pwani hahitaji kutafsiriwa. Mkewe alinifungia viwili.

Kinachoniuma mpaka leo ni kwamba nilikuwa na kila sababu ya kujua. Bibi yangu wa Bagamoyo babu zake walishuka na misafara kutoka Manyema. Ukimwuliza yeye ni nani, anakwambia Mswahili wa Bagamoyo. Ukikaa naye mpaka usiku, anakusimulia ya Manyema mwenyewe, kwa fahari. Angetokea mtu na karatasi akamkatia "Mswahili" yake mbele ya majirani, mimi ningekuwa wa kwanza kumfukuza uani.

3. Msivuke Mlango wa Melaka mkiwa na tafsiri ya Malaysia mfukoni. Ng'ambo, Indonesia, Mmalay ni kabila moja kati ya mengi, mwenye kwao Riau, Deli, Langkat, huko Sumatra, na Mjava ndiye mwenye wingi: sensa ya 2010 iliwahesabu karibu milioni 95, kama asilimia 40 ya nchi. Hana haja ya kuwa Mmalay ili awe mwenyeji, kwa kuwa wote ni Waindonesia. Medan, mji wa Sumatra, utakutana na Pujakesuma, neno walilolifupisha kutoka "mwana wa Java aliyezaliwa Sumatra", wengi wao wakiwa vizazi vya vibarua wa mkataba waliopelekwa kwenye mashamba ya tumbaku ya Deli. Vizazi vitatu, vinne Sumatra, na bado ni Wajava. Mkiingia Singapore mambo yanageuka tena: Mjava na mtu wa Bawean, kisiwa kidogo kaskazini ya Java, wote wanahesabiwa ndani ya Wamalay. Mtu na mdogo wake, mmoja Johor upande wa Malaysia mwingine Medan, wanaweza kuwa na majina tofauti ya kabila, na hakuna aliyedanganya.

4. Jawi si Kijava. Ni maandishi ya Kimalay kwa herufi za Kiarabu. Kijava kikiandikwa hivyo huitwa Pegon. Jina limetoka kwa Waarabu, na Makka kila Mwislamu wa pande zile, awe wa Sumatra, Patani au Java, aliitwa Jawi. Sheikh Nawawi aliyezaliwa Banten 1813, ambaye ufafanuzi wake wa Safina, kitabu cha fiqhi, unajulikana na wanachuo wa kwetu, alikuwa al-Bantani na al-Jawi kwa pamoja. Hapo ndipo nilipojifunza kuuliza swali kwa mahali: ukiwa Hija unajitambulishaje? Harusini kwa jamaa? Ofisi ya wilaya? Acheni mistari mitupu. Watajaza.

5. Kijava msijifunze kwa watoto. Mmoja wenu mwaka jana, na alikuwa na nia njema mno, alimwuliza imamu "wis mangan?" Hiyo ni ngoko, lugha ya marafiki, sawa na kumpita mzee bila shikamoo na kumwambia "umekula wewe?" Kwa mzee ni krama, lugha ya heshima: "sampun dhahar?" Imamu alicheka, akamfundisha, akampa chakula. Si wote watacheka. Kimalay hakina ngazi hizo katika mazungumzo ya kila siku, na ndiyo sababu mojawapo vijana wa Indonesia walioapa kuwa taifa moja, Jakarta, tarehe 28 Oktoba 1928 waliona sawa lugha ya umoja itokane na Kimalay, ingawa Wajava ndio waliokuwa wengi. Liwekeni hilo kwenye sura ya pili ya tasnifu, linasaidia sana.

6. Kimalay cha Kuala Lumpur na cha Jakarta ni ndugu wanaosengenyana. "Budak" Kuala Lumpur ni mtoto, Jakarta ni mtumwa. "Percuma" Kuala Lumpur ni bila malipo, Jakarta ni kazi isiyo na faida. Nyinyi mnaosema "bure" kwa yote mawili hamna kisingizio.

7. Picha za watu kwenye vikao: ombeni kwanza. Kibali cha utafiti: bebeni nakala tatu.

Nitumieni hojaji mpya kabla ya Jumatano jioni. Nitaanza na swali la kabila, na nikikuta "weka alama sehemu moja" nitakupigia simu usiku huo huo.