Kamera ya joto inaona dhahabu iliyo chini ya ardhi?

SWALI: Habari za kazi mhariri. Sisi ni wachimbaji wadogo huku Geita, leseni tunayo. Kuna jamaa amekuja na droni yenye kamera ya joto, anasema akiirusha juu ya eneo letu picha itaonyesha dhahabu ilipo hata kama iko mita 30 chini, eti kamera inasoma aina ya jiwe kwa mwanga wa infraredi. Hela anataka kwanza na wenzangu wameshaanza kuchanga. Ni kweli hii?

JIBU: Ndugu yangu, waambie wenzako wasimamishe huo mchango leo leo. Kusoma aina ya jiwe kwa infraredi ni kitu cha kweli, tena ni fani nzuri mno, ila sio hicho anachowauzia.

Iko hivi, kila kitu kinatoa mwanga wa infraredi kwa sababu ya joto lake, ila jiwe halitoi mwanga wote sawasawa, kila madini yana mahali yanapoubana, yaani yanapotoa kidogo, na mahali hapo tunapataja kwa mikromita, urefu wa wimbi la mwanga. Kwatzi, lile jiwe jeupe mnalolifuata mkichimba, inabana kuanzia mikromita 8 hadi 9 na kidogo, na mawe ya chokaa yanabana karibu na 11.3. Kuona hilo lazima kamera iugawe mwanga vipande vyembamba vingi, kwa mfano HyTES ya NASA, inayofungwa kwenye ndege, inagawa vipande 256 kati ya mikromita 7.5 na 12 na inafanya hivyo kwa kila nukta ya picha. Kamera ya joto ya kawaida ya droni haigawi, inajumlisha mwanga wote halafu kwa kila nukta inatoa namba moja tu ya joto, zile rangi nyekundu na njano zimepakwa na programu.

Halafu hata hiyo HyTES inasoma ngozi ya jiwe tu, unene usiofika hata milimita moja. Udongo ukifunika mwamba inasoma udongo, nyasi zikifunika inasoma nyasi. Mita 30 chini hamna kitu.

Na dhahabu yenyewe ndiyo ngumu kabisa, maana metali safi haina alama yake kwenye mwanga huo, inatoa kidogo sana na kazi yake kubwa ni kuakisi. Mjaribuni huyo jamaa: chukueni sufuria ya alumini inayong'aa, jazeni maji ya moto, bandikeni kipande cha utepe mweusi wa fundi umeme ubavuni, mwambieni aelekeze kamera. Utepe utaonekana wa moto kwenye picha, alumini iliyo pembeni yake itaonekana ya baridi, wakati ukigusa vyote vinaunguza.

Fani yenyewe ina heshima yake. Chombo cha NASA, Mars Global Surveyor, kilichorushwa 1996, kilibeba kipimo cha aina hii kinaitwa TES, kikaona alama ya hematiti, madini ya chuma, kwenye tambarare ya Meridiani Planum huko Mirihi, na Januari 2004 gari la Opportunity likatua hapo hapo na kukuta vijiwe vya mviringo vya hematiti vimetapakaa chini. Ila vilikuwa juu, wazi, hakuna hata jani.

Picha za setilaiti ya Terra nazo zipo, kipimo chake cha ASTER kinagawa mwanga wa joto vipande 5 tu na nukta moja ni mita 90 kwa 90, zinamfaa mtu anayetafuta miamba yenye kwatzi kwenye wilaya nzima. Leseni ndogo mwisho wake hekta 10, yaani mtapata nukta kama 12 tu.

Hiyo hela chimbeni mitaro kukatisha mwamba, chukueni sampuli kila mwamba unapobadilika, andikeni kila mfuko umetoka wapi, mpeleke maabara ya GST, taasisi ya serikali ya jiolojia, Dodoma wapime kiasi cha dhahabu.