Kabla hujafunika kesi ya kompyuta kwa foili

Wadogo zangu mnaokuja field karakana kwetu hapa Arusha, kuna somo nalirudia kila mwaka mpaka koo linakauka. Mwaka huu naliandika. Mteja akilalamika kwamba kompyuta yake inaharibu redio, msikimbilie foili. Mimi niliikimbilia, nikaaibika.

Ilikuwa ofisi moja ya utalii, nikiwa na miezi minne kazini. Redio kolo ya kuongea na madereva ilikaa meza moja na kompyuta. Ukizima kompyuta, dereva aliyeko Karatu anasikika vizuri. Ukiiwasha, anamezwa na mkwaruzo kama mahindi yanayokaangwa. Nikanunua foili ya jikoni, nikaivalisha kesi matabaka matatu kama kuku wa kuoka, nikawasha kwa mbwembwe. Mkwaruzo uleule. Dada wa chai ndiye aliyeanza kucheka.

Nilidhani mawimbi yanapenya bati. Hayapenyi. Redio kolo nyingi za VHF ziko karibu na megahezi 150, na kwa masafa hayo mkondo unatembea kwenye ngozi ya metali tu. Kwenye alumini ngozi hiyo ni mikroni 7 hivi, yaani elfu saba za milimita. Bati la kesi lenye nusu milimita limeshamaliza kazi hiyo siku nyingi, kwa hiyo foili yangu ilikuwa inalisaidia bati lisilohitaji msaada.

Yanakopita ni kwenye mianya, na hapa ndipo wengi wanapotea, maana jicho linatazama upana wakati kinachoumiza ni urefu. Mkondo unaokimbia juu ya bati ukikuta ufa, inabidi uzunguke, na ule ufa unageuka antena. Chukua makadirio haya: gawa nusu ya urefu wa wimbi kwa urefu wa mwanya. Wimbi la megahezi 150 lina mita 2, nusu yake sentimita 100. Ufa wa sentimita 40 kando ya mfuniko, hata kama ni mwembamba wa kupitisha karatasi tu, unapunguza nguvu ya uga (ukali wa mawimbi) mara mbili na nusu, yaani karibu na bure. Tundu la sentimita 1 linaipunguza mara 100. Ndiyo maana pa kupumulia feni panatobolewa vitundu vingi vya mviringo badala ya kukatwa mfereji mmoja mrefu. Kama huamini, angalia mlango wa maikrowevu: wali unauona unazunguka, lakini wimbi lake la sentimita 12 limekwama kwenye vitundu vya milimita chache.

Rudi pale ofisini. Bosi wangu alikuja na bisibisi, mita ya kupimia umeme na kipande cha msasa, basi. Foili hakuigusa. Aliniuliza, "Umechomoa nini mpaka sasa?" Sikuwa nimechomoa kitu. Akachomoa waya wa skrini huku redio iko wazi, na mkwaruzo ukashuka hapohapo. Akanionyesha dirishani Landcruiser iliyoegeshwa nje, antena ya nusu mita juu ya paa. "Ile ni robo ya wimbi," akasema. "Na huu waya wako wa mita moja na nusu unafikiri ni nini?" Kesi iwe nzuri vipi, waya unaotoka ndani umebeba makelele ni antena uliyoitengeneza mwenyewe. Kile kifundo cheusi kwenye waya za skrini ndani yake mna feraiti (kauri yenye usumaku), na kazi yake ni kuyabana makelele hayo. Kama unakiongeza wewe, kikae karibu kabisa na kesi. Waya ukikubali kupitishwa mara mbili, upitishe.

Kisha akageuza kesi. Nyuma palikuwa na tundu la sentimita 16 kwa 4 na nusu, kwa sababu mazabodi (ubao mkuu wa kompyuta) ilishabadilishwa na fundi aliyetangulia hakuweka kile kibati chenye meno. Wengi wanadhani kibati kile ni cha kuzuia mende. Yale meno yanabana maganda ya metali ya soketi ili makelele ya waya yarudi kwenye kesi badala ya kutoka nje. Mwisho akagusisha mita mfuniko na fremu: haikulia, maana umeme haupiti kati yao. Rangi. Bati juu ya bati, katikati rangi, kwa umeme ni ufa mrefu kuliko yote. Akasugua kwa msasa pale panapokutana, akarudisha skrubu zote (mbili zilikuwa zimepotea), akaweka kibati. Karatu ikasikika.

Mtasikia pia "chimbia athi" (waya wa kwenda ardhini) kama dawa ya kila ugonjwa. Athi ni muhimu, ila kwa sababu nyingine. Kesi ikikutekenya kidole, mara nyingi mteja amechomeka plagi ya miguu miwili kwa kusukuma tundu la tatu kwa kalamu. Kapasita za chujio ndani ya pawa saplai zinaielekeza kesi kwenye nusu ya volti 230, na bila athi hazina pa kumwaga. Tengeneza soketi, hilo ni suala la uhai. Lakini kwa megahezi 150, waya wa athi wenye mita kadhaa ni antena nyingine tu. Kinachozuia mawimbi ni kesi iliyofungika.

Na kama skrini ya zamani inatetemeka kando ya stabilaiza, hiyo ni sumaku ya hezi 50. Foili haiisaidii kitu, maana kwa masafa hayo hata shaba ingehitaji unene wa milimita 9 ndipo ianze kuleta maana. Isogeze stabilaiza.

Kwenye droo ya chini, kushoto kwa meza ya kuchomelea, kuna kopo la maziwa lililojaa vile vibati vya nyuma. Navikusanya kutoka kwenye kesi mbovu. Mazabodi ikibadilishwa, tafuta humo kinachofanana kabla hujafunga skrubu ya kwanza. Kisipopatikana, niambie, nitakikata cha bati kwa mafundi wa Unga Limited.