Yule panya wa kwenye klipu uliyonitumia

Mwanangu,

Klipu nimeiangalia mpaka bando limeisha. Unauliza huyo panya mwanasesere anatembeaje na kuchezesha mikono wakati nyuzi hazionekani, mbona libaba zima na suti yake linakubali kumbusu mbele za watu, na kama unaweza kumtengenezea mjukuu wangu wa kwake.

Anaitwa Topo Gigio, Mtaliano, aliyemuunda ni Maria Perego na wenzake mwishoni mwa miaka ya 50. Ni sponji tu, urefu kama sentimita 25. Siri yake ni giza. Nyuma kuna pazia jeusi la velveti, halafu watu watatu wamevaa velveti nyeusi kuanzia kichwani mpaka miguuni, wanagawana mdomo, mikono na miguu kwa vijiti, wa nne anatoa sauti, taa inampiga panya peke yake na picha inarekebishwa mpaka weusi wote unakuwa kitu kimoja, kwa hiyo wale watu wako hapohapo mbele yako ila huwaoni. Mmoja akichelewa kidogo tu panya anachechemea!

Sasa busu. Huyo ni Ed Sullivan, mtangazaji, shoo yake ilikuwa kituo cha TV cha CBS, New York, kila Jumapili usiku, na alikuwa mkavu balaa, shingo ngumu, Wamarekani wenyewe walikuwa wanamwigiza kwa kumcheka. Desemba 1962 panya akaja, anamwita Eddie, anamdekea, anamwomba ambusu ndo akalale. Basi ule ukavu wenyewe ukawa kichekesho, watu wanakaa kusubiri leo mzee atalainikaje. Angepewa mtangazaji mcheshi nadhani asingefika mbali, lakini kwa Sullivan alirudi zaidi ya mara 50 mpaka shoo ikafungwa 1971. (Usifikiri niliziona enzi hizo, huku Bara TV zenyewe zimeingia miaka ya 90.) Italia na Mexico akaendelea kupendwa, na Perego amefariki 2019 akiwa na miaka 95.

Kuhusu kutengeneza, sponji isikuumize kichwa, hata kipande cha godoro kinatosha. Hangaikia shuka jeusi lisilong'aa, glavu nyeusi, taa moja ya pembeni isiyogusa shuka, na mtu wa pili mnayeelewana. Mumeo mikono yake naijua, mpe sauti.

Mama